Mutu Hageuki

Kwa miaka kumi na moja sura ya saba ya biolojia ilifundishwa katika Institut Tumaini, pale Munigi kando ya Goma, bila kumkwaza mtu yeyote. Siri yake ilikuwa nyepesi: ilifundishwa kwa Kifaransa. Mwalimu Anastase, mzee wa sauti ya taratibu, aliisoma kwa imla kutoka daftari lililokwisha kuwa na rangi ya chai. Wanafunzi waliandika walichosikia, na walichosikia hakikuwa hatari kwa imani ya mtu. Wengi waliandika kwamba viumbe hubadilika si kwa "sélection naturelle", uchaguzi wa asili, bali kwa "sélection nationale", yaani timu ya taifa ya mpira. Wazazi na wachungaji walipita dirishani, wakasikia Kifaransa kinatiririka, wakaridhika kwamba watoto wanasoma.

Anastase alipostaafu, sura ya saba ilimwangukia Olive Kahindo, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja kutoka Butembo, ambaye alikuwa na kasoro moja kubwa kwa shule ya aina ile: alitaka kueleweka. Alikabidhiwa darasa la sita la sekondari, wanafunzi arobaini na wawili ambao mwisho wa mwaka wangefanya mtihani wa Serikali, ule unaoitwa Exetat. Mwalimu mwingine wa biolojia hakuwapo shuleni.

Siku ya kwanza ya sura hiyo aliwauliza maana ya "ancêtre commun", yaani babu wa pamoja. Paulin, kijana wa dawati la nyuma ambaye hakuwahi kukosa jibu wala kupata jibu sahihi, alisema ni muzee wa komini, mkubwa wa manispaa. Darasa lilikubali. Mmoja akataka kujua ni wa komini gani, ya Goma ao ya Karisimbi.

Olive hakucheka. Alifunga daftari la Anastase akaamua kwamba sura yote ataieleza kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Alikuwa na kamusi iliyochapwa Dar es Salaam, aliyoinunua sokoni Birere. Kamusi ilisema kwamba Kiswahili cha "évolution" ni mageuko, naye akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MAGEUKO YA MWANADAMU.

Kwa msomi wa Dar es Salaam, mageuko ni neno la kitabuni lisilo na harufu. Kwa mtu wa Kivu, kugeuka ni kazi ya mchawi: mtu hulala akiwa mtu, hutoka akiwa chui, hula mbuzi wa jirani, na hurudi kitandani kabla ya watu kuamka. Olive alijua hayo tangu utotoni. Lakini siku hiyo aliamini kamusi kuliko masikio yake, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Akaeleza kwamba mwanadamu na sokwe wametoka kwa babu mmoja, na kwamba kwa mamilioni ya miaka waligeuka polepole. Akachora ule msururu wa viumbe watano, wa kwanza ameinama na mikono inagusa chini, wa mwisho amesimama wima, na mshale kati ya kila mmoja na mwenzake.

"Madame," Paulin aliuliza, "wanageukaka na muchana?"

Olive alidhani ni mzaha, akaendelea. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, darasa zima liliandika bila kusukumwa. Hata wale wasiokuwa na kalamu waliazima. Olive alifurahi. Hakujua kwamba wanaandika ushahidi.

Jumapili ushahidi ulifika kanisani. Mwenyekiti wa komite ya wazazi alikuwa Pasta Lévi Kakule, mwenye watoto watatu shuleni, kanisa la mbao juu ya jiwe la volkano, simu mbili na hakika moja. Alikuwa ameishia mwaka wa pili wa sekondari, jambo ambalo si aibu kwa mtu aliyekulia vitani. Aibu ni kwamba aliuhesabu mwaka ule kuwa mwisho wa elimu yenyewe. Aliliinua daftari la binti yake mbele ya waumini, akawaonyesha mchoro. Hapa, alisema, mutu anaanza kuinama. Hapa mikono imekuwa miguu. Aliusoma msururu ule kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kinyume cha mishale, na kwa mwelekeo huo ulikuwa maelekezo kamili ya uchawi, hatua kwa hatua. Akaongeza kwamba mwalimu mwenyewe anaishi peke yake huko mtaa wa Katindo, na kwamba hakuna aliyewahi kuona anachopika.

Maneno kama hayo hayabaki kanisani. Jumatatu mwenye nyumba wa Olive alimuuliza, kwa upole uliozidi kiasi, kama anafikiria kuhama. Jumanne mama mmoja kisimani alisogeza bidoni yake ya maji pembeni. Olive alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, na hakuwahi kuona ugomvi kati ya misa na sura ya saba. Ugomvi aliouona ulikuwa kati ya sura ya saba na uvivu. Sasa aliona mwingine, ambao ungeweza kumfikia mlangoni na mawe.

Alhamisi prefe, yaani mkuu wa shule, aliitisha kikao ofisini kwake. Josias Havugimana alikuwa mtu wa Rutshuru, mnene, mpole, mwenye digrii ya historia iliyotundikwa ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Katika miaka sita ya uongozi hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Alisema "tutaona", na mambo mengi yalikuwa yamejifia yenyewe yakingoja kuonwa. Pasta alikuja na mama wawili wa komite, ambao walikaa na mikoba yao magotini, wakitikisa vichwa kukubali kila alipopumzika.

Pasta alizungumza kwa nusu saa. Alisema shule ni ya kanisa. Alisema wazazi walileta watoto wapate diplome, si kupata mikia. Kisha akafikia hoja ambayo, ilionekana wazi, alikuwa ameitunza kama mtu anavyotunza nyama ya mwisho sahanini.

"Madame anaambia batoto kama jiwe linaomba miaka milioni juu likuwe jiwe," alisema. "Miye mwenyewe, mwaka wa elfu mbili na makumi mbili na moja, nilisimama hapa Munigi na macho yangu haya. Magaribi, jua likizama, hapakuwa jiwe. Asubui jiwe liko. Usiku moja. Sasa nani atanidanganya juu ya jiwe?"

Mama wawili walitikisa vichwa. Hata prefe alionekana kuguswa. Na kweli, ni vigumu kumlaumu mtu wa Goma kwa hoja hiyo: hapa ni mahali ambapo bibi anaweza kuwa mkubwa kwa umri kuliko jiwe analoanikia nguo. Ni hoja ambayo haiwezi kuzuka Kinshasa. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba ni ya kijinga.

"Na udongo wa Masisi, Pasta," Olive aliuliza, "ule ambao mutu anachimba kisima hata hafikie jiwe, ulizaliwa usiku gani?"

"Udongo ni Mungu aliumba."

"Na jiwe la Munigi?"

"Ile ni volkano."

"Volkano si ya Mungu?"

Pasta alimgeukia prefe akauliza kama alisikia jinsi mwanamke huyu anavyojibu. Prefe alisema tutaona.

Olive alijaribu basi kueleza neno. Alisema neno la kamusi lilikuwa baya, yeye ndiye aliyekosea, wala hakukusudia kugeuka kule kwa wachawi. Alieleza vizuri, kwa dakika kumi, kwa mpangilio. Alipomaliza, mmoja wa wale mama aliuliza kwa wasiwasi wa kweli kama kwa hiyo kuna aina mbili za kugeuka.

Ndipo prefe alipopata wazo lake. Alilitoa polepole, akilitazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Mtaala ni wa Serikali, alisema, na inspekta atauliza. Sura haiwezi kufutwa. "Madame Olive, fundisha. Fundisha tu. Lakini kwa Kifaransa, sawa vile muzee Anastase."

Ofisi nzima ilipumua. Pasta mwenyewe alisema kwa Kifaransa hana shida, Kifaransa ni cha masomo. Mambo ya mwanadamu kutoka kwa sokwe, kumbe, yaliruhusiwa kabisa chini ya paa la kanisa, mradi yasieleweke.

Lakini Pasta alikuwa amewaahidi waumini kitu, na hakuweza kurudi mikono mitupu. Alidai kwamba Jumatatu, wakati wa kupandisha bendera, drapo kama wanavyoiita, mbele ya shule yote, Madame aseme kwa kinywa chake: mutu hageuki. Maneno mawili tu. Asiposema, komite itaomba anyang'anywe darasa la sita. Olive alimuuliza prefe nani basi atafundisha biolojia. Alijibu bila kuona haya kwamba daftari la Anastase lipo, na direkta wa nidhamu, ingawa alisomea biashara, ana sauti nzuri ya imla.

Hilo ndilo Olive alilotoka nalo. Kazi asingeikosa, wangempa madarasa ya chini akafundishe sehemu za ua. Lakini wale arobaini na wawili wangeingia kwenye mtihani na muzee wa komini na timu ya taifa, na hakuna ambaye angejua kwamba hawajui.

Jumamosi na Jumapili alipima mambo kama alivyozoea kuyapima. Akikataa, atakuwa amesema ukweli kwa watu wanne ofisini na kuwapoteza arobaini na wawili. Akikubali, atakuwa amekana somo lake mbele ya wanafunzi mia sita. Jumapili baada ya misa alikaa mezani na maandalio yake ya sura ya saba, akitafuta namna ya kusema maneno mawili bila kuyasema. Katika ukurasa wa tatu alikuta sentensi aliyoiandika mwenyewe tangu mwezi wa tisa: "L'individu n'évolue pas." Aliisoma mara mbili. Kiumbe mmoja mmoja habadiliki. Huzaliwa na alichozaliwa nacho, hufa nacho. Kinachobadilika ni ukoo, kizazi kwa kizazi, kwa kuwa wengine huacha watoto wengi na wengine hawaachi.

Mutu hageuki. Pasta, katika ujinga wake wote, alikuwa amemwagiza asimame mbele ya bendera atangaze kanuni ya kwanza ya somo lenyewe.

Jumatatu ilikuwa na ubaridi na moshi mwepesi wa mlima. Shule ilijipanga juu ya changarawe nyeusi, ikaimba wimbo wa taifa, bendera ikapanda. Pasta alikuwa amevaa suti ya kahawia na alikuwa amekuja na waumini kama ishirini, waliosimama kando ya ukuta wa mawe kana kwamba wamekuja kutazama mtu akitolewa pepo. Prefe alimwita Madame Olive. Alisogea mbele. Alitazama ukutani moja kwa moja, kwa sababu hakuwa na cha kuficha, ndivyo alivyojiambia.

"Mutu hageuki," alisema, kwa sauti ya kufika ukutani. "Hakuna mutu hata moja aliyegeuka, na hakuna atakayegeuka. Vile anazaliwa, njo vile anakufa."

Makofi ya Pasta na waumini yalianzia ukutani yakaenea. Pasta aliinua mikono miwili akaomba kwa muda ambao ungetosha kufundisha nusu ya sura. Alimshukuru Mungu kwa kumrudisha dada aliyepotea, akaiombea shule ilindwe na elimu ya uongo, akaomba mtihani wa Serikali uwe mwepesi. Kisha akampa Olive mkono, akamwambia kwa sauti ya baba, "Umeona, Mama? Ukweli haina nguvu ya kutisha mutu." Olive alikubali mkono ule. Alikuwa akifikiri kwamba katika maisha yake hajawahi kumdharau mtu kwa utulivu namna ile.

Darasani hakupoteza muda. Aliandika ubaoni MUTU HAGEUKI, akafuta mageuko pale yalipobaki, akaanza upya kwa maharage. Aliwauliza ni nani ana ndugu anayelima huko Kiwanja, upande wa Rutshuru. Mikono kumi na minne. Mama akivuna, anachagua mbegu za mwaka ujao namna gani? Walijibu bila kufikiri: nzito, zisizotobolewa, zile zilizovumilia mvua. Na mwaka unaofuata? Vilevile. Na baada ya miaka makumi mbili, gunia lake linafanana na la zamani? Hapana, Madame, limekuwa lingine.

"Kuna haragi hata moja lililogeuka ndani ya gunia?"

Hakuna. Kila haragi lilikufa vilevile lilivyozaliwa. Gunia ndilo lilibadilika. Akawaambia kwamba porini hakuna mama wa kuchagua. Mvua, njaa na ugonjwa ndivyo vinavyochagua, navyo vina muda mrefu kuliko mama yeyote wa Kiwanja. Aliona nyuso zikifunguka moja moja, hata ya Paulin, na alijua kwa hakika ya mwalimu kwamba wameelewa. Kwa robo saa hiyo alikuwa tayari kumsamehe Pasta na suti yake.

Paulin alinyoosha mkono. "Madame, ku Exetat tuandike ya drapo ao ya mu classe?"

"Ni kitu kimoja," Olive alisema.

Darasa lilicheka. Halikucheka kwa ubaya. Lilikuwa cheko la watu waliomwelewa mwenzao: wamekulia katika mji ambako kila mkubwa ana maneno ya hadharani na maneno ya nyumbani, na sasa walimwona Madame kuwa mkubwa kama wengine, tena mjanja kuliko wengi. Paulin alimkonyeza jirani yake. Olive alirudia kwamba ni kitu kimoja, akaonyesha ubao, akaeleza tena. Walitikisa vichwa kukubali, kwa heshima ya watu wanaomsaidia mtu atunze siri.

Mmoja tu hakucheka. Victoire Umugwaneza aliketi dawati la mbele karibu na dirisha, wa kwanza darasani kwa miaka mitatu, msichana asiyesema ila amepima. Alisimama bila kunyoosha mkono.

"Kama ni kitu kimoja, Madame, juu ya nini Pasta alipiga makofi?"

"Kwa sababu hakuelewa."

"Na ulijua hataelewa."

"Nilijua."

"Sasa ulimwambia nini?" Victoire aliuliza, akakaa bila kungojea jibu.

Kwa wiki zilizofuata mambo yalikwenda vizuri kuliko Olive alivyotarajia, kwa maana ambayo alianza kuichukia. Mwenye nyumba aliacha kuulizia kuhama. Mama wa kisimani alirudisha bidoni yake mahali pake. Prefe alipenda kupita dirishani kusikiliza kinachofundishwa. Darasa lilijifunza hatua za viatu vyake. Zilipokaribia, Paulin alisema kwa sauti, "Mutu hageuki, Madame," na arobaini waliitikia kwa pamoja kama katekisimu, mara tatu, nne, mpaka hatua ziishie upande wa ofisi. Kisha walirudi kwenye maharage. Prefe alimwambia Olive koridoni kwamba amefurahi kuona somo limepata nidhamu. Sentensi ambayo yeye aliiona ni msingi wa sura nzima ilikuwa imekuwa ya kufukuzia watu dirishani. Kila alipowaambia waache, walidhani ni sehemu ya mchezo.

Kabla ya likizo ya Pasaka alitoa jaribio. Swali la mwisho liliandikwa kwa lugha mbili: eleza kwa nini ni sahihi, kwa biolojia, kusema kwamba mutu hageuki. Alisahihisha nyumbani Katindo mchana wa Jumamosi, na ngoma ya kambi ya askari ikipigwa ng'ambo ya barabara. Alihesabu matokeo kwa makini. Ishirini na sita walieleza gunia na haragi, baadhi vizuri sana. Katika shule ile hilo halijawahi kutokea, na kama ni kwa takwimu, alikuwa ameshinda. Kumi na wanne walieleza gunia na haragi vilevile, kisha kwa tahadhari wakaongeza chini kwamba Mungu aliumba kila kitu kwa siku sita, endapo msahihishaji ni wa upande ule. Paulin alikuwa miongoni mwao, na aliuliza kwenye pambizo ni lipi lina pointi.

Mmoja aliandika tena juu ya komini.

Karatasi ya Victoire ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wima, bila neno la ziada. Alitofautisha kiumbe na ukoo, akaeleza urithi, akaeleza uchaguzi wa asili, akasahihisha hata mchoro wa viumbe watano: viumbe hawakupanga foleni, aliandika, walichipuka kama matawi, na kama Madame angechora matawi tangu mwanzo, Pasta asingepata njia ya kuusoma kurudi nyuma. Olive alitafuta kosa, kama ilivyo kazi yake, akakosa. Chini kabisa, baada ya mstari uliopigwa kwa rula, Victoire alikuwa ameandika: "Hii yote, Madame, ungeisema ku drapo. Tulikuwa mia sita, na Kiswahili tunasikia."

Olive alichukua kalamu nyekundu. Aliandika ishirini juu ya ishirini, kwa sababu ndiyo alama ya jibu lile. Mahali pa maoni ya mwalimu hakuandika kitu.